Hazina Ikitoka Shambani Ni ya Nani? Sheria za Nchi Kadhaa Bega kwa Bega

Swali hili huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ana detekta, kile kifaa kinacholia kikipita juu ya metali, na anatafuta nchi ambako anaweza kuzunguka mashambani nacho bila kuishia kizimbani. Wa pili ana ardhi, na huyo wa kwanza amekuja kumbishia hodi. Wote wawili huanzia kwenye umiliki: kikipatikana kitu cha kale, kinabaki kwa nani?

Mimi ningeanzia kwingine. Denmark na Ireland zote zinasema malikale yenye thamani iliyofukiwa ardhini ni mali ya taifa. Lakini Denmark mtu anaingia shambani na detekta kwa idhini ya mwenye shamba tu, na akipata dhahabu analipwa na kushukuriwa. Ireland, kutafuta malikale kwa detekta bila kibali cha serikali ni kosa la jinai, hata kama shamba ni lako na hati unayo. Umiliki ni ule ule, lakini mmoja anarudi nyumbani na hundi na mwingine na hati ya mashtaka. Kwa hiyo nchi zilizo hapa chini nimezipima kwanza kwa maswali mawili yenye makali zaidi: nani anatoa ruhusa ya kutafuta, na ukishapata una muda gani wa kutoa taarifa. La umiliki na pesa linafuata nyuma.

England na Wales: mnagawana

Hakuna leseni ya detekta. Ruhusa ya mwenye ardhi inatosha, isipokuwa kwenye maeneo ya kale yaliyoorodheshwa rasmi, ambako sheria ya 1979 inataka kibali cha serikali hata mwenye ardhi akiwa amekubali. Ukishapata kitu, unafungua Sheria ya Hazina ya 1996, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata.

Sheria hiyo haikusanyi kila kitu cha zamani. Inataka hazina, na hazina ina vigezo: kitu kisicho sarafu, chenye umri wa miaka 300 na zaidi, ambacho angalau asilimia 10 ya uzito wake ni dhahabu au fedha. Sarafu za dhahabu au fedha za umri huo lazima ziwe mbili au zaidi kutoka mahali pamoja. Za shaba na metali nyingine duni lazima zifike kumi. Sarafu moja ya dhahabu iliyookotwa peke yake kwa kawaida si hazina, hata iwe adimu. Vitu visivyofikia vigezo vinabaki kuwa vya mwenye ardhi, si vya aliyeokota. Mahakama ya Rufaa ilikazia jambo hilo mwaka 1995, katika kesi ya pini ya dhahabu ya zama za kati iliyochimbwa kwenye bustani ya umma: kilichomo ndani ya udongo ni cha mwenye udongo.

Kikiwa hazina, taarifa inapelekwa ndani ya siku 14 kwa *coroner*. Ndiyo, ni afisa yule yule anayechunguza vifo vya kutatanisha. Kazi ya hazina ameirithi tangu zama za kati na hakuna aliyemnyang'anya. Jumba la makumbusho likikitaka kitu, kamati ya uthamini inapanga bei kwa kufuata soko, na pesa zinagawanywa, kwa kawaida nusu kwa aliyeokota na nusu kwa mwenye ardhi. Hazina ya Staffordshire ya 2009, maelfu ya vipande vya dhahabu na fedha vya Waanglo-Saksoni, ilithaminiwa pauni milioni 3.285 na pesa zikaenda pande hizo mbili.

Kwa miaka mingi sheria hii ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe lina sura ya mtu. Mwaka 2010 ilipatikana Crosby Garrett, huko Cumbria, kofia ya mpanda farasi wa Kirumi yenye kinyago kamili cha uso. Ilikuwa ya bronzi na ilikuwa moja, kwa hiyo kisheria haikuwa hazina. Ikapelekwa mnadani London na kuuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 2, huku makumbusho ya Carlisle yaliyochangisha fedha kuinunua yakiachwa mbali. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuziba. Tangu Julai 30, 2023, kitu cha metali chenye zaidi ya miaka 200 na umuhimu wa kihistoria usio wa kawaida kinaweza kutangazwa hazina hata kama hakina chembe ya dhahabu.

Usiuchukulie ukarimu huo kama ulegevu. Mwaka 2015 watu wawili walichimbua hazina ya Waviking karibu na Leominster, hawakumwambia mwenye shamba wala afisa yeyote, wakaanza kuuza sarafu kimya kimya. Inakadiriwa zilikuwa kama 300; zilizopatikana ni chache sana. Mwaka 2019 walihukumiwa vifungo vya miaka mingi jela. Wangejaza fomu, wangegawana mamilioni kihalali. Hiyo ndiyo kesi ninayomsomea kila anayeniambia kwamba kutoa taarifa ni kujipotezea mali.

Vuka mpaka uingie Scotland

Watu wengi hudhani sheria ni ile ile kwa kuwa ni dola moja. Sivyo. Scotland haina kigezo cha dhahabu wala cha miaka 300. Kitu chochote cha kale kisicho na mwenyewe, liwe jiwe la kunolea au kipande cha chungu, ni cha Taji la Ufalme, na ni lazima kitolewe taarifa. Makumbusho yakikichukua, zawadi hulipwa aliyeokota. Mwenye ardhi hana fungu lake kisheria.

Matokeo yake yalionekana kwenye hazina ya Galloway, iliyopatikana 2014 katika ardhi ya Kanisa la Scotland. Mwaka 2017 ilipangiwa zawadi ya pauni milioni 1.98, na pesa zote zilikuwa za aliyeokota. Baadaye Kanisa likaenda mahakamani kudai sehemu, likisema palikuwa na makubaliano ya kugawana. Ingekuwa England, nusu ingekuja yenyewe. Kama una shamba Scotland, basi, usimruhusu mtu aingie na detekta kabla hamjaandikiana.

Denmark: taifa linachukua, linalipa, na watu wanaridhika

Kanuni ya Wadenmark ni ya kale kuliko nchi nyingi zilizopo leo: Sheria ya Jylland ya 1241 tayari ilisema dhahabu na fedha isiyo na mwenyewe ni ya mfalme. Leo inaitwa danefæ na inajumuisha vitu adimu vya metali nyingine pia. Ruhusa ni ya mwenye ardhi. Maeneo ya kale yanayolindwa na ukanda mwembamba unaoyazunguka hayaguswi. Kitu kinapelekwa makumbusho ya eneo husika, kisha Makumbusho ya Taifa yanapanga malipo. Malipo ni ya aliyeokota, na yanatazama pia jinsi alivyokitunza kitu: aliyekisugua ili king'ae anajipunguzia mwenyewe.

Kinachonivutia ni tabia iliyojengeka kutokana na sheria hiyo. Watu wa detekta huko wanaandika mahali kitu kilipotoka na kujaza kanzidata ya taifa, kwa sababu kufanya hivyo hakuwapotezei chochote. Mwishoni mwa 2020 mtu aliyekuwa mgeni kabisa wa kifaa hicho alipata Vindelev, karibu na Jelling, karibu kilo moja ya dhahabu ya karne ya 6. Hakuchimba hadi chini. Makumbusho ya Vejle yakafanya kazi iliyobaki. Kimojawapo cha vidani vilivyokuwamo kilikuja kusomwa na wataalamu, na ndicho chenye maandishi ya kale zaidi yanayojulikana yanayomtaja Odin, mungu wa dini ya kale ya Skandinavia. Kingekuwa kimeuzwa kimya kimya kwa mnunuzi wa dhahabu, habari hiyo isingekuwepo.

Mwenye shamba wa Denmark hapati kitu, na hapo ndipo ninapoiona sheria hii ikiwa na upungufu. Ardhi yake, mazao yake yanakanyagwa, na hundi inaenda kwa mgeni.

Zinazokataa tangu mlangoni: Ireland, Ufaransa, Sweden

Ireland ilifika ilipo kwa sababu ya kikombe kimoja. Februari 1980, huko Derrynaflan katika kaunti ya Tipperary, baba na mwanawe walichimba hazina ya vyombo vya kanisa vya zama za kati za mwanzo, miongoni mwake kikombe cha misa cha fedha. Serikali iliwapa pauni 10,000. Wakakataa, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mahakama ikasema hazina ni ya taifa, na kwamba waliruhusiwa kutembelea mahali pale, hawakuruhusiwa kuchimba. Mwishowe walilipwa zaidi ya zile 10,000, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa nyuma yao: sheria ya 1987 ilizuia detekta katika utafutaji wa malikale bila kibali, na ya 1994 ikatangaza kwamba kila malikale isiyo na mwenyewe ni ya taifa na aliyeiokota atoe taarifa ndani ya saa 96.

Ufaransa inataka kibali cha mkuu wa mkoa, yaani *préfet*, kabla ya kutumia detekta kutafuta vitu vya historia, sanaa au akiolojia. Lakini kuna utata mzuri zaidi. Sheria ya kiraia ya Ufaransa inasema hazina iliyopatikana katika ardhi ya mtu mwingine ni nusu kwa nusu, ilimradi imepatikana kwa bahati tu. Fundi aliyebomoa ukuta akakuta kopo la sarafu, hiyo ni bahati. Mtu aliyevaa spika masikioni na kutembea mstari kwa mstari shambani atasemaje kwamba ni bahati? Na tangu sheria ya Julai 2016, malikale inayofukuliwa kwenye ardhi iliyonunuliwa baada ya mabadiliko hayo inahesabiwa kuwa ya serikali. Mashamba mawili yanayopakana yanaweza kuwa na majibu tofauti kwa sababu moja liliuzwa 2015 na jingine 2018. Ukinunua shamba Ufaransa, angalia tarehe kwenye hati yako.

Wapo wanaojaribu kuhama sheria kama mtu anavyohama nyumba. Mfaransa mmoja alidai kuokota zaidi ya sarafu 14,000 za Kirumi kwenye bustani ya miti ya matunda aliyoinunua Gingelom, Ubelgiji, ambako sheria ni laini zaidi. Mtaalamu wa Ubelgiji akaukagua udongo akaona haiwezekani sarafu hizo ziwe zimetoka pale. Forodha ya Ufaransa ikafuatilia, ikapekua, na mwishoni mwa 2020 ikatangaza kukamata zaidi ya vitu 27,000. Udongo ulitoa ushahidi dhidi yake.

Sweden inataka kibali cha utawala wa jimbo kwa detekta yoyote, hata kwa mtu anayetafuta pete yake iliyopotea, na haitoi kwa urahisi. Sina mengi ya kuongeza hapo: kama detekta ndiyo burudani yako, usiende nayo.

Marekani: shamba lako, kitu chako, ila usifike mbali

Hapa mizani inageuka. Katika ardhi ya mtu binafsi, kanuni ya jumla ni kwamba kitu cha kale ni cha mwenye ardhi. Hakuna afisa wa kumpelekea taarifa, hakuna siku 14, hakuna kamati ya bei. Mwaka 2013 wenza wawili wa California walikuta makopo nane ya sarafu za dhahabu za karne ya 19 kwenye ardhi yao, sarafu 1,427 kwa jumla, wakaziuza. Serikali ilichohitaji kwao ni kodi.

Ukitoka nje ya uzio mambo yanageuka ghafla. Sheria ya 1979 ya kulinda rasilimali za akiolojia inaziba ardhi ya serikali kuu na ya makabila ya asili: kitu chenye miaka 100 na zaidi ukikichimba bila kibali, ni faini na kifungo. Kinachowapita wengi ni kwamba sheria hiyo ina mkono mrefu. Kitu kilichochukuliwa kinyume cha sheria ya jimbo, kwa mfano kwa kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa, kikivushwa kupelekwa jimbo jingine kinakuwa kosa la serikali kuu hata kama kilitoka ardhi binafsi. Mahakama ya rufaa ilithibitisha hivyo mwaka 1993, kwenye kesi ya mtu aliyechimba kilima cha mazishi cha kale huko Indiana, kwenye ardhi ya kampuni.

Na kuna makaburi. Mwaka 1987 watu kumi walimlipa mwenye shamba dola 10,000 huko Slack Farm, Kentucky, ili wachimbe makazi ya kale ya wenyeji wa asili. Wakafukua mamia ya makaburi wakitafuta vyungu, mifupa wakaitupa pembeni. Walipokamatwa, kosa lililokuwepo vitabuni lilikuwa dogo mno. Hasira iliyofuata ndiyo iliyofanya Kentucky ikaze sheria yake, na majimbo mengi leo yanalinda makaburi ya kale hata kwenye shamba la mtu. Ruhusa ya mwenye ardhi haifuti kosa hilo, wala dola 10,000.

Wanaoipenda sheria ya Marekani huiita uhuru. Kwa mkulima ni kweli. Kwa historia ni hasara: kitu kinauzwa, mahali kilipotoka hapaandikwi, na hakuna anayelazimika kuandika.

Italia na Ujerumani, kwa ufupi

Italia, malikale ni ya taifa moja kwa moja, na muda wa taarifa ni mfupi kupindukia: saa 24. Zawadi ipo, hadi robo ya thamani kwa mwenye ardhi na hadi robo kwa aliyeokota kwa bahati. Aliyeingia bila ruhusa hapati kitu.

Ujerumani kila jimbo lina lake. Kwa sehemu kubwa malikale ni ya jimbo. Bavaria ilikuwa kimbilio la mgawo wa nusu kwa nusu kati ya aliyeokota na mwenye ardhi hadi 2023, ikabadilika. Diski ya Nebra, sahani ya kale ya bronzi yenye jua, mwezi na nyota za dhahabu, ilichimbwa bila kibali huko Saxony-Anhalt 1999, ikagongwa na zana ya wachimbaji hadi ikapata jeraha linaloonekana hata leo, ikauzwa mara ya kwanza kwa marki 31,000, na polisi wakaikamata hotelini Basel, Uswisi, mwaka 2002. Waliohusika walitiwa hatiani.

Kenya na Tanzania Bara

Zote mbili zinaegemea upande wa taifa. Kenya, chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, mstari umechorwa 1895: kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya mwaka huo ni malikale. Zingatia hilo neno kuingizwa, kwa sababu vipande vya kaure la China vinavyofukuka kwenye magofu ya pwani vimo. Kuchimba kunataka leseni, na anayegundua anatoa taarifa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba.

Tanzania Bara, Sheria ya Malikale ya 1964 iliyorekebishwa 1979 inachora mstari 1863, na uchimbaji unataka leseni ya Mkurugenzi wa Malikale. Inalinda pia milango ya mbao ya kuchonga ya kabla ya 1940, ambayo haiko ardhini bali iko kwenye kuta za nyumba za watu. Kuitoa nje ya nchi kunataka kibali. Wale wanaochimba usiku wakisaka rupia za Mjerumani wanaona kwa kigezo cha mwaka pekee wako salama, kwani rupia zile zilianza 1890. Lakini wakiwa wanazisaka chini ya jengo la kale, jengo lenyewe linaweza kuwa limelindwa.

Nani achague nini

Kama wewe ni wa detekta na una uhuru wa kuchagua pa kwenda, Denmark ndiyo ningeiweka juu: ruhusa rahisi, malipo yote kwako, na kitu kinaishia mahali kitakapotunzwa. England inafuata kwa nyuma kidogo, na huko vitu visivyo hazina mnaweza kukubaliana na mwenye ardhi vibaki kwako. Marekani ni ya mwenye ardhi yake mwenyewe au mwenye rafiki mwenye ardhi.

Kama wewe ndiye mwenye shamba, mpangilio ni mwingine kabisa. Marekani kwanza, England ya pili, Italia ya tatu. Denmark na Scotland zinakuacha mikono mitupu usipojilinda kwa karatasi.

Karatasi hiyo iandikwe kabla mtu hajashusha koleo, na iseme mambo haya kwa lugha ya kueleweka: ni vipande gani vya shamba vinaruhusiwa na vipi haviruhusiwi, nani anapata nini kwenye zawadi ya serikali na kwenye bei ya kitu kisichodaiwa na serikali, nani anapeleka taarifa na ndani ya muda gani, kwa kutaja saa au siku za sheria ya pale, na kwamba kila kitu kinaonyeshwa mwenye shamba siku hiyo hiyo kabla hakijaondoka. Shamba likiwa na mpangaji anayelilima, naye atie sahihi, maana mashimo yatakuwa kwenye mazao yake. Mifupa ya binadamu ipewe kifungu chake peke yake: ikitokea, kazi inasimama palepale na simu ya kwanza ni ya polisi.